Watu Wanaoushikilia Mlima

Atakayetaka kujua nilifikaje Ukazo, nilipanda gari gani na nilivuka mpaka wapi, atafute msimulizi mwingine. Mimi ni mkunga mstaafu. Miaka thelathini na mmoja nimepokea watoto wa watu, nami nimezoea kusimulia yaliyotokea baada ya mlango kufunguliwa.

Nitasema tu kwamba nilikuwa barazani kwangu saa nne asubuhi, mbele yangu gunia la maharage yasiyopepetwa, mkononi simu. Siku hiyo ilitimia miezi kumi na minne tangu mwanangu Eliamani aniambie, "Mama, nikifika nitapiga." Alikuwa anakwenda nchi ya jirani kutafuta kazi ya machimbo. Hakupiga. Tangu hapo simu haikutoka katika mkono wangu wa kulia. Nilikula nayo, nililala nayo, nilikwenda nayo kanisani na kuificha ndani ya kitabu cha nyimbo kama msichana wa shule. Maharage yalikaa kwenye gunia kwa sababu ungo haushikwi kwa mkono mmoja. Shamba dogo la Eliamani la bondeni nililiacha liote magugu, maana kulilima bila yeye niliona ni sawa na kumzika.

Na kuomba nilikuwa nimeacha. Sikukufuru. Nilichoka tu kurudia ombi lilelile kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nilichokitamani kilikuwa kidogo mno: moyo utulie, hata kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Kwa hiyo niliposikia kwamba iko nchi ambayo watu wake wamegundua namna ya kuzuia msiba usitokee, sikuuliza mara mbili. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Nilikwenda.

Mpakani alinipokea Bwana Shikilia, Mkaguzi Mkuu wa Viganja, mtu mnene, mpole, mwenye sare iliyopigwa pasi upande mmoja tu. Katika mkono wake wa kulia alishika kamba. Kamba ile ilitokea dirishani, ikapita juu ya paa, ikapanda hewani hadi nisikoweza kuona.

"Umeshika?" aliniuliza.

Nilifikiri ananiuliza kitu cha forodha. Kumbe ndiyo salamu yao, na jibu lake ni "Nimeshika." Nilipomwamkia kwa salamu ya kwetu alitabasamu kama mtu aliyesikia mtoto akiongea. Kisha akaomba nimwonyeshe viganja. Cha kushoto hakukitazama. Cha kulia, kilichokuwa na simu, alikigeuza huku na huku, akajaribu kuninyoosha vidole, navyo vikajirudi vyenyewe.

"Mama," alisema kwa heshima, "wageni wengine huwa tunawafundisha mwaka mzima kabla vidole havijajikunja hivi. Wewe umekuja tayari. Karibu nyumbani."

Simu yangu aliikagua akaona haina mtandao. Alisema ni kifaa kizuri, ila kina upungufu mmoja, kwamba hakijafungwa kwenye mlima. Nikaitia mkobani.

Basi niwaeleze huo mlima. Unaitwa Inamo, na kweli umeinama. Umesimama kaskazini mwa mji, na kilele chake kimeuelekea mji kama mtu anayechungulia chungu jikoni. Babu zao walipoingia katika bonde lile waliutazama wakaogopa, wakapanda, wakaufunga kamba, wakashuka na kamba zao mjini, wakaanza kuvuta. Tangu siku hiyo mlima haujaanguka. Kwa hiyo hawajaacha kuvuta. Kila raia ana kamba yake. Anapewa siku ya kuzaliwa, huzeeka nayo, na akilala hufungwa kifundoni mwa mkono, na kengele ndogo juu yake ya kumwamsha kamba ikilegea. Nililala huko siku kumi na sita, na sijawahi kusikia mji wenye kengele nyingi kama ule.

Hebu fikiria mji wa watu wenye mkono mmoja. Chupa hufunguliwa na watu wawili. Mtoto akibebwa, anabebwa kwa upande, na akilia hubembelezwa kwa mguu. Kamba hutatana njiani, hivyo nusu ya watumishi wa serikali kazi yao ni kusimama kwenye njia panda na kuzitatua, na nusu nyingine ni kuwakagua wanaozitatua. Nguo hazianikwi. Makofi hayapigwi. Watu wakitaka kumsifu mtu hupiga paja.

Mimi nina mdomo mwepesi, na huo ndio ulioniponza hata kazini. Siku ya pili nilimuuliza Bwana Shikilia, kwa unyenyekevu wote niliokuwa nao, "Samahani, Mkaguzi. Mlima umeinamia huku. Kamba zinakuja huku. Ninyi mnavuta huku. Sasa hamwoni kwamba kama kamba hizi zina nguvu yoyote, basi mnajivutia mlima kichwani?"

Hakukasirika. "Swali hilo liliulizwa miaka mia moja na kumi iliyopita," alijibu. "Liliundiwa kamati. Kamati bado inakaa."

"Na wakati inakaa?"

"Wakati inakaa, Mama, tunavuta."

Nilihudhuria baraza lao mara moja tu. Nilitegemea kusikia habari ya kamati ile, lakini siku nzima walibishana kama kamba ishikwe kiganja kikiwa juu au kikiwa chini. Walikuwapo wazee waliokosana na ndugu zao kwa ajili hiyo, na kijana mmoja msomi aliyependekeza kiganja cha ubavu akazomewa na pande zote mbili. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Lakini nisicheke sana, kwa sababu nami nilipewa kamba. Kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Kule hupewa kamba siku ileile, na kwenye kamba hufungwa kibao chenye jina la yule unayemwogopea. Bwana Shikilia aliandika ELIAMANI kwa herufi nzuri, akakifunga kibao, akanikabidhi.

"Ukishika, yupo," alisema. "Ukiachia, sisi hatutawajibika."

Hapo kicheko kiliniisha. Nilikamata ile kamba kwa nguvu zote. Miezi kumi na minne nilikuwa nimeshika simu isiyonijibu, na sasa nilikuwa nimeshika kitu kizito chenye jina lake, kinachovutika, kinachoumiza. Naona aibu kusema lakini ni kweli: usiku ule wa kwanza nilifurahi. Nilidhani nimepata nilichokuja kukitafuta. Ilipofika asubuhi bega lilikuwa limevimba, na moyo ulikuwa palepale ulipokuwa jana yake, ila sasa haukuruhusiwa hata kugeukia upande wa pili.

Nilipangiwa kukaa kwa mjane mmoja aitwaye Bi Fundo, mwanamke wa miaka kama themanini, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyelala vizuri. Hilo la macho nililiona upesi kwa sababu katika mji mzima hakukuwa na mwingine mwenye macho ya namna hiyo. Nilimwambia "Shikamoo" kwa mazoea, naye akaitikia "Marahaba, mwanangu," kama mtu wa kwetu kabisa. Akaingia ndani, akatoka na bakuli la uji. Alilishika kwa mikono miwili.

Mimi nimelelewa Upareni. Kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, na mtoto anayenyoosha mmoja hurudishwa nje akaingie upya. Lakini mkono wangu wa kulia ulikuwa na Eliamani. Nikapokea kwa kushoto, bakuli likayumba, nusu ya uji ikamwagikia mkeka. Niliona haya mpaka masikioni.

"Haidhuru," alisema Bi Fundo. "Iko siku."

Sikuuliza kwa nini mikono yake ilikuwa mitupu. Nilidhani ni uzee, labda wakongwe husamehewa. Kamba yake niliiona imening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, kama koti.

Jumapili alinipeleka kanisani. Ndiyo, kanisa wanalo, zuri kuliko letu, na madirisha yake yametobolewa matundu ya kupitishia kamba. Waumini waliingia na kamba zao, wakaketi, wakaimba kwa sauti tamu kwamba Mungu anawabeba, na kila walipofika mahali penye kusema wanabebwa, walivuta kidogo kuhakikisha. Mchungaji alihubiri juu ya kumwachia Bwana fadhaa zote. Alihubiri vizuri mno. Alilia, nasi tukalia. Kamba yake aliizungusha mara mbili kwenye kifundo ili isimponyoke wakati wa kuhubiri. Ilipofika sala hakuna aliyekutanisha mikono, maana mkono wa pili ulikuwa kazini. Waliinua kushoto tu, nusunusu.

Ukutani, juu ya kichwa cha mchungaji, palikuwa na picha ya zamani iliyochakaa. Nilimwona Bi Fundo akiitazama ibada nzima, na mikono yake imekutana mapajani, chini ya kanga.

Tuliporudi nilikaa jikoni kwake, yeye akimenya ndizi kwa mikono miwili kwa raha zake. Sikuweza tena kujizuia.

"Bibi, nisamehe. Mbona wewe hushiki?"

"Nilishika miaka sitini na nane," alijibu. "Hakuna aliyeshika kama mimi. Nina cheti."

Akaniambia habari ya mumewe. Aliugua kifua. Siku ya mwisho alilala chumba cha mbele, naye Bi Fundo alikuwa chumba cha nyuma kwenye zamu ya kukaza, saa ambazo kwa sheria mtu haruhusiwi kusogea hata hatua. Kibao cha kamba yake kilikuwa kimeandikwa jina la mume.

"Aliniita mara tatu. Si kwa nguvu. Aliita kama mtu anayetaka maji. Nikamjibu, 'Nakuja, zamu ikiisha.' Nilishika vizuri sana siku ile, mwanangu. Mkaguzi alinisifu. Nilipokwenda chumba cha mbele alikuwa ameshapoa."

Aliweka ndizi chini, akafuta kisu.

"Jumapili iliyofuata nilikaa kanisani, sina hata machozi. Nikainua macho kwenye ile picha. Nimeiona tangu utotoni, lakini siku ile ndiyo niliyoitazama. Bwana yuko msalabani. Mikono yake yote miwili iko wazi. Hana kamba, mwanangu. Mlima wote huu, na wenye mlima, na mume wangu, na mimi, yeye ametushika kwa mikono iliyofunguliwa. Nikarudi nyumbani, nikatundika kamba pale mlangoni, nikakutanisha mikono yangu kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Sikujua hata vidole vinapitanaje. Nililia mpaka nikalala, na kengele haikulia."

"Na mlima?"

"Nilipoamka ulikuwepo. Miaka tisa sasa."

Nilimwonea wivu. Sitaki kuficha. Nilimwonea wivu yule bibi kuliko nilivyowahi kumwonea mtu mwenye mali au mwenye watoto wote nyumbani. Na wivu ukanitia ukali.

"Wewe aliyekufa kwako alishakufa," nilisema. "Mimi wangu sijui. Nikiachia kamba hii, unaniahidi mwanangu atarudi?"

"Siahidi," alisema. "Mimi si mganga."

"Sasa unanipa nini?"

"Nakuambia yuko mikononi mwa nani. Akiwa hai yuko hapo, na kama hayuko hai yuko hapohapo. Haya mengine nami sijui." Akanitazama kidoleni, pale kamba ilipokuwa imeanza kuchuna ngozi. "Wewe si mkunga? Mtoto akichelewa kutoka, unamvuta?"

"Ukimvuta unamuua," nilijibu.

Akarudi kwenye ndizi zake.

Siku ya kumi na tatu alikamatwa. Jirani yake alimwona kupitia dirishani akiomba, akamshtaki kwa kosa ambalo katika vitabu vyao huitwa Kosa la Mikono Miwili. Kesi ilifanyika siku ya kumi na saba, uwanjani, mchana, mlima ukiwa umetuinamia sote. Nilisimama mbele na kamba yangu.

Jirani alitoa ushahidi kwamba mgongo ulianza kumuuma miaka tisa iliyopita, na sasa amejua alikuwa akivuta kwa niaba ya nani. Watu wakapiga mapaja. Kisha akaja mtaalamu wa mlima, mwenye miwani, akaeleza kwamba mwaka wa sita wa uasi huo jiwe lenye ukubwa wa sufuria lilibiringika kutoka Inamo na kuua kuku wawili.

"Siku hiyo naikumbuka," alisema Bi Fundo. "Nilikuwa na homa. Sikuomba. Ninyi wenyewe mlikuja mkanifunga kamba kifundoni."

Mtaalamu alipekua karatasi zake. "Jiwe lilikuwa limekwisha kuamua wiki iliyotangulia," alisema. Hilo likaandikwa.

Bwana Shikilia ndiye aliyekuwa mwendesha mashtaka. Aliuliza kwa upole uleule wa mpakani, na nadhani alikuwa akimpenda yule bibi. "Bi Fundo, miaka tisa umeacha, na mlima haukuanguka kwa sababu sisi tulikaza. Je, huoni haya kulala huku wenzako wamekesha?"

"Naona huruma," alisema. "Mlima huu niliukuta. Aliyeuweka hakuniita nikamsaidie. Bwana Yesu mwenyewe alilala mashuani na mawimbi yakiingia, wenzake wakampigia kelele kwamba hajali. Mimi nimechagua kukaa karibu na aliyelala."

Mchungaji alikuwepo. Alifungua mdomo, akatazama kifundo chake, akaufunga. Sitamhukumu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake na mkono wangu haukuwa mtupu.

Hukumu ilikuwa kubwa kupita zote walizonazo: kukatiwa kamba, na kutoka katika nchi kabla ya jua kuchwa. Hukumu hiyo haikuwa imetolewa kwa vizazi vitatu. Wanawake waliangua kilio. Panga likaletwa, watu wakaambiwa wakaze, na uwanja mzima ukakunja uso na kuvuta. Kamba ya Bi Fundo ikakatwa.

Haikuruka, wala haikulia. Ilianguka majanini, ikalala.

Tulisubiri. Mlima ulikaa vilevile, na mawingu juu yake yakapita polepole kama siku nyingine yoyote. Mwisho Bwana Shikilia alifuta jasho akatangaza kwamba kwa juhudi za wananchi hatari imezuiwa, na kuanzia siku hiyo zamu za kukaza zitaongezwa. Watu walipiga mapaja. Nilidhani angalau mmoja atacheka, lakini walikuwa wamechoka mno.

Sheria yao husema aliyekatiwa kamba asiagwe na mtu. Kwa hiyo Bi Fundo alikwenda nyumbani peke yake, akafunga kitambaa chake, akatoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, si ndani si nje. Akasimama mbele yangu. Alikuwa ameshika bakuli la uji, lile lile la siku ya kwanza, limejaa mpaka ukingoni, linatoa mvuke.

"Nimekupikia," alisema. "Sikupenda uondoke kwangu na ule uliomwagika."

Alinyoosha mikono yake yote miwili.

Nitasema kilichopita moyoni mwangu kama kilivyopita. Nilikumbuka siku tulipompeleka Eliamani kubatizwa. Alikuwa na wiki sita, na alitanguliwa na wawili waliokufa kabla sijawabatiza. Mchungaji wetu alinyoosha mikono ampokee, nami nikampa, ila sikuachia. Tukasimama pale mbele ya kanisa zima, yeye ameshika mtoto, mimi nimeshika mtoto, mpaka watu wa viti vya mbele wakaanza kutabasamu. Akaniinamia akaninong'oneza, "Mama, mwachie. Sitamwangusha." Nikamwachia. Kwa miaka ishirini na sita nilijua kwamba siku ile nilimtoa, na bado nilikuwa nimekaa Ukazo na jina lake kwenye kibao, nikivuta.

Bakuli lilikuwa mbele yangu. Uzito ulianza kuishusha mikono ya yule bibi.

"Bwana," nilisema kwa sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo kwa mwaka mzima, "alikuwa wako kabla hajawa wangu. Siko naye huko aliko, wewe uko naye. Mkono wangu haufiki. Mshike."

Ilibidi nivinyooshe vidole kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, maana vilikuwa vimesahau. Kamba ikaniponyoka. Nilifumba macho kama mtu anayesubiri kofi, na sijui nilisubiri kwa muda gani, ila nilisikia kuku wa jirani akiparua, na mtu mbali akimwita mtu. Hakuna kilichoanguka. Nilifumbua macho, nikalipokea bakuli kwa mikono yote miwili, na hakuna tone lililomwagika. Nilikunywa uji huku nalia. Bi Fundo alinisubiri nimalize, akalichukua bakuli lake, akashika njia.

Sikumwona tena. Na kuhusu kurudi, nitawaudhi kama nilivyowaudhi mwanzo: nilirudi tu. Nilikuwa barazani kwangu, mbele yangu gunia, simu imekwisha chaji. Niliichomeka ukutani nikaiweka rafuni kando ya saa, mlio umefunguliwa hadi mwisho. Nikachukua ungo nikapepeta. Jioni maharage yalikuwa safi, na nilikuwa nimemaliza kikombe cha chai kikiwa bado cha moto.

Eliamani hajapiga. Naandika haya ukiwa mwezi wa kumi na saba tangu aondoke. Ziko siku namtamani mpaka nikisikia pikipiki inapunguza mwendo barabarani nasimama mzima mzima, na moyo unaruka kama zamani. Sijaacha kumtamani na sidhani nitaacha. Vidole vya mkono wa kulia bado hujikunja vyenyewe, hasa asubuhi, nami huvinyoosha kimoja kimoja ndipo niombe.

Shamba lake la bondeni nimelilima, nikapanda maharage yale. Yameota vizuri. Nikiwa kule napalilia, simu hubaki nyumbani, na nimemwambia jirani kwamba akiisikia inalia apokee, amwambie mama yake yuko shambani kwake, anakuja.